Sifa ya Kupima Distributa

Katika nchi ya chai ya Bomet, ambako ukungu wa asubuhi na mvua ya alasiri ni mambo ya kawaida, gari la zamani la petroli linaweza kukataa kuwaka alfajiri, likawaka saa nne jua likishatoka, na kumwacha mwenyewe akidhani kwamba limepona. Lawama mara nyingi huiangukia distributa, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kukata umeme wa koili kwa wakati wake na kuigawia kila plagi cheche kwa zamu. Mfumo huu, ambao Mmarekani Charles Kettering aliuendeleza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ndio uliowasha Land Rover za petroli na ile Peugeot 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Gari la dizeli halina habari na mambo haya.

Ufundi unaostahili sifa hapa si wa kubadilisha vipuri vyote kwa pamoja, kwani huo unahitaji pesa tu, bali ni ule wa kukishuku kila kipuri peke yake na kukipima katika hali ileile inayokifanya kishindwe. Pointi, yaani vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, hufunguka mara 100 kila sekunde injini ya silinda 4 inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, na nafasi kati yake, ambayo kwa magari mengi ya enzi hiyo hukaribia milimita 0.4, hupimwa kwa fila, bamba jembamba lenye unene unaojulikana. Hata hivyo, kipimo hicho ni bure ikiwa mhimili wa distributa umelegea, na kwa hiyo fundi makini huutikisa kwa vidole kwanza.

Pointi zilizoungua pengine hazina hatia. Kondensa, kikopo kidogo kinachomeza umeme pale pointi zinapoachana ili usiruke kati yake, ndiyo inayozichoma ikiharibika, na ujanja wake ni kwamba huweza kuonekana nzima ikiwa baridi na kushindwa ikishapata moto. Fundi huiacha injini ipate joto hadi ianze kukohoa, ndipo aunganishe kwa nje kondensa nyingine iliyokwisha kuthibitishwa. Si mpya tu, maana upya si ushahidi wa uzima.

Rota, kipande kinachozunguka na kupeleka cheche kwenye kila waya, hupimwa kwa kuusogeza waya mkuu wa koili karibu na shaba yake, ukiwa umeshikwa kwa koleo lenye mpini wa mpira, huku pointi zikifunguliwa kwa mkono: cheche ikiruka, umeme unapenya rota na kuukimbilia mhimili. Kifuniko cha distributa nacho hupimwa gizani, injini ikinguruma, kwa kukinyunyizia maji kidogo sana, ili cheche inayovuja ijionyeshe kwenye ufa ambao mchana hauonekani. Kukikausha kwa kitambaa hulitoa gari shambani, lakini umeme ukishachora njia ya kaboni juu ya kifuniko utaifuata tena mvua ikirudi, na kifuniko hicho hakina budi kubadilishwa.