Miguu na Mikono ya Jeshi

Kila inapoingia Novemba, sisi tunaoishi London huanza kuyaona maua mekundu ya karatasi vifuani mwa watu, kwenye mabasi, maofisini na hata misikitini. Wako miongoni mwetu wanaoyavaa na wako wasioyavaa, na mjadala huo leo hatuuingii. Tulitakalo ni kuisoma minara yenyewe. Mnara wa kumbukumbu ni andiko kama lilivyo shairi: una mtunzi, una msomaji aliyekusudiwa, na una maneno ambayo mtunzi ameamua kuyaacha. Kwa hivyo na sisi tunajipa ruhusa ya kuuhakiki.

Jumapili moja tulitoka watu wanne. Mmoja wetu ni mzee wa Tanga, ambaye babu yake mzaa baba alichukuliwa na Waingereza mwaka 1917 kwenda kubeba mizigo ya vita, asirudi tena. Twalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba hatukwenda kutalii.

Tulianzia stesheni ya Liverpool Street. Humo ndani, juu ya vichwa vya abiria wanaokimbilia treni, pana ubao mkubwa wa marumaru wa iliyokuwa kampuni ya reli ya Great Eastern. Majina zaidi ya 1,100 ya wafanyakazi wake waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza yamechongwa hapo, jina kwa jina. Ulizinduliwa tarehe 22 Juni 1922 na Sir Henry Wilson, mkuu wa majeshi wa zamani, ambaye siku hiyo hiyo aliporejea nyumbani alipigwa risasi mlangoni kwake akafa. Kwa usanii, ubao ule hauna ajabu. Ni orodha tu. Lakini ni orodha ambayo mjukuu anaweza kuja akaitafuta herufi ya babu yake, na mitaa ya mji huu imejaa mbao za namna hiyo, makanisani, mashuleni na kwenye viwanja vidogo ambavyo hupita mtu na mbwa wake.

Mzee wetu alikaa akiutazama kwa muda mrefu. "Hawa walikuwa watu wa reli tu," akasema, kisha akatangulia kutoka.

Tukaenda Constitution Hill, karibu na kasri la Buckingham, zilipo nguzo nne zilizozinduliwa na Malkia Elizabeth mwezi wa Novemba 2002. Hizi ndizo zinazotuhusu rasmi, kwani zimewekwa kwa ajili ya watu wa Bara Hindi, Afrika na Karibi. Ni kazi safi, yenye heshima, na tunawashukuru walioihangaikia. Ila neno moja limetukwama kooni. Maandishi yanasema hao walikuwa milioni tano waliojitolea. Waliojitolea! Katika nchi inayoitwa Kenya leo, ilitungwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa lazima wawe wapagazi, na mwaka 1917 watu wakasombwa kwa wingi kijiji baada ya kijiji. Katika sehemu za Tanganyika zilizokwisha tekwa hali ilikuwa ndiyo hiyo. Huenda neno lile ni kweli kwa maelfu ya wengine. Kwa babu wa mzee wetu, si kweli, na jiwe halina nafasi ya "isipokuwa".

Kutoka hapo si mbali kufika Park Lane, pembezoni mwa Hyde Park, na hapa ndipo penye kisa hasa. Pana mnara wa wanyama waliokufa vitani, kazi ya mchongaji David Backhouse, uliozinduliwa na Binti Mfalme Anne mwezi wa Novemba 2004. Nyumbu wawili wa shaba (tunakusudia baghala, si wale wa mbugani) wanapanda ngazi wakielekea kwenye upenyo wa ukuta mrefu wa mawe. Migongo imeelemewa na mizigo ya vita, shingo zimeinama. Upande wa pili wa ukuta, penye majani, yupo farasi na mbwa, walioachiwa huru. Tuseme kweli: kati ya yote tuliyoyaona siku ile, huu ndio mnara uliotushika. Mchongaji ameuelewa uzito. Ukimtazama yule baghala, mgongo wako wewe unauma. Na chini pameandikwa kwamba wanyama hawa hawakuwa na hiari.

Hatuwaonei wivu wanyama. Lakini msomaji na akumbuke vita vya Afrika Mashariki vilipiganwaje. Mbung'o na maradhi viliwamaliza farasi na baghala kwa maelfu, na barabara hazikuwapo. Mizigo ikawekwa vichwani mwa watu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, na wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa si chini ya 95,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Yaani mahali pa baghala palisimama binadamu. London imemchonga baghala, na imemchonga vizuri. Yule aliyeshika nafasi yake hatukumwona popote, na sentensi iliyomstahiki kuliko wote amepewa mnyama.

Mtu atatuambia: mbona Brixton, katika uwanja wa Windrush, zipo nguzo mbili za Waafrika na Wakaribi tangu 22 Juni 2017? Zipo, na jioni tulizifikia. Tumependa kwamba zimesimama mtaani, penye watu na kelele, wala hazikufichwa penye majumba ya wakubwa. Lakini "Afrika" ni neno pana mno.

Huko kwetu je? Askari wa shaba wa Dar es Salaam, aliyewekwa mwaka 1927 na bunduki yake yenye singe, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson na alisubiwa hapa hapa London kabla ya kupakiwa melini. Maandishi yake, ambayo yamo pia kwa Kiswahili, yanawataja wapagazi: yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Ni maneno mazuri kwa sikio, na tumeyasikia yakisifiwa. Sisi tunayaona ni maneno ya kutisha. Mguu hauna jina. Mkono hauulizwi umezaliwa wapi. Kumbukumbu iliyo hai zaidi ya wapagazi wale ni jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, na wanaokwenda kununua vitenge pale hawaambiwi.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Ikaomba radhi. Januari 2025, Binti Mfalme Anne huyo huyo alizindua Cape Town mnara wa nguzo za mbao zenye majina zaidi ya 1,700 ya watu weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vikosi vya kazi, baadhi yao huko huko Afrika Mashariki. Majina! Basi inawezekana.

Tulipomweleza mzee habari ya Cape Town, akauliza kama jina la babu yake laweza kuwamo. Tukamwambia hapana, wale ni wa Afrika Kusini tu. Akanyamaza kidogo, kisha akatutajia jina lile, na kijiji, na jina la mama wa marehemu, tukaandika nyuma ya tikiti ya basi. Tunayo. Msomaji mwenye jina kama hilo nyumbani kwake, hata kama ni nusu ya jina, na atuletee.