Meza Inayotembea: Siku ya Kwanza na Altendorf F45

Jamani, nimekata ubao! Najua, mimi ni seremala, kukata mbao ndiyo kazi yangu ya kila siku. Lakini jana, kwenye karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, niliweka kipande cha mninga juu ya msumeno wa Altendorf F45, nikasukuma kwa kiganja kimoja, meza ikaondoka na mzigo wake kama mtumbwi uliotoka mchangani. Kimya! Laini! Wilhelm Altendorf alibuni wazo hili la meza inayotembea huko Berlin mwaka 1906, na sisi wengine bado tunasukuma ubao kwa vidole hadi karibu na meno ya msumeno.

Hapa ubao hausogei juu ya meza. Umeegemea reli ya meza, umekazwa kwa kibano, na meza nzima ndiyo inayopita kando ya diski ya msumeno. Ndiyo maana unatoka mraba, na ndiyo maana mikono iko mbali. Mambo mawili niliyoyafukuzia miaka yote, yameletwa na kitu kimoja.

Sikuamini macho, nikapima. Nilichukua ubao wa MDF wa milimita 800 kwa 800, nikakata pande nne, kila mara nikiegemeza kwenye reli upande uliotoka kukatwa. Kwa mkato wa tano nikatoa utepe mwembamba. Ncha moja milimita 20.1, nyingine 20.3. Tofauti ni 0.2, lakini hiyo ni kosa lililojirundika mara nne. Igawe kwa 4, unabaki na 0.05 katika upana wote wa ubao! Guniamraba langu haliwezi hata kuiona.

Halafu nikajaribu ubao wa melamini. Mbele ya diski kubwa kuna kadiski kadogo kanakozunguka kinyume chake, kanachanja uso wa chini kwa milimita moja au mbili kabla meno makubwa hayajafika. Nilipitisha ukucha kwenye ukingo, juu na chini. Haukukwama popote. Nikarudia, kwa raha tu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa nina kovu tumboni. Zamani, kwenye msumeno mwingine, nilitumia reli ya kupasulia kama kikomo cha urefu. Kipande kilibanwa kati ya reli na diski, kikapinda, kikanirukia. Kwenye F45 fundi mwenyeji aliivuta reli ya kupasulia nyuma hadi mwisho wake ukaishia kabla ya diski, kisha akaweka kikomo upande wa pili, kwenye reli ya meza.

"Kipande kikishakatika kiwe huru, kaka," akaniambia. "Na wewe simama kushoto, usikae kwenye mstari wa diski."

Kile kisu kilicho nyuma ya diski, kinachozuia ubao usibane meno, hakikutolewa hata mara moja. Vipande vidogo hatukuviondoa hadi diski iliposimama kabisa. Glavu hakuna, maana meno yakishika uzi yanavuta na mkono.

Meza ya mashine hii ni mita 3.2 na inakwenda mbele na nyuma, kwa hiyo tenga karibu mita 7 za sakafu, na umeme wa fezi tatu. Karakana yangu ina mita 5. Leo asubuhi nimeanza kuongea na mwenye nyumba kuhusu ule ukuta wa nyuma.