Rutuba Iliyobebwa Kichwani

Ukitoka kwenye migomba ya Maruku, huko Bukoba, hatua chache tu unaingia rweya, uwanda wa majani ambao ukiupanda mahindi bila mbolea utavuna mabua membamba. Hapa karibu na Ziwa Victoria mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo imeosha potasiamu, kalsiamu na magnesiamu kwa karne nyingi na kuacha tindikali. Rudi kwenye kibanja, shamba la migomba la nyumbani: udongo mweusi, mlaini, umejaa nyungunyungu, na juu yake migomba, mibuni, maharage na magimbi vimebanana. Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa na kituo chake Amani, aliandika kuhusu ajabu hiyo ya Bukoba, rutuba na ufukara vikipakana juu ya udongo wa asili moja. Kilichovitenga ni kazi ya Wahaya, wenyeji wa huko.

Kazi yenyewe ni ya kubeba. Majani hukatwa rweya, hufungwa mizigo, huja kibanjani kichwani. Ng'ombe hulishwa rweya mchana na kulala nyumbani, kwa hiyo usiku nao huleta rutuba ya nyikani kwa njia ya samadi. Kila kilichoota mbali kinaishia chini ya mgomba.

Tazama mtu anayejua anavyotandaza. Matandazo yake ni mazito, lakini shina la mgomba analiachia nafasi, maana fukusi hupenda kujificha penye unyevu karibu na shina. Palizi yake ni ya juujuu, kwa kuwa mizizi mingi ya mgomba iko karibu na uso wa ardhi na jembe likizama linaikata. Machipukizi huyapunguza hadi abaki mama, mtoto na mjukuu. Mkungu ukishakatwa, gogo hupasuliwa na kulazwa chini likauke upesi, fukusi asipate pa kutagia. Maganda ya bitoke, ndizi za kupika, yanarudi shambani. Mgomba hula potasiamu nyingi sana, na ganda limebeba sehemu nzuri ya potasiamu hiyo, hivyo anayelitupa barabarani anatupa mbolea. Naiheshimu mikono hii kuliko mashine nyingi nilizowahi kusikia zikisifiwa.

Chakula kinanufaika vipi? Mboji ya matandazo na samadi hupunguza makali ya tindikali, hushika madini ambayo mvua ingeyachukua, na kuyaachia kidogo kidogo mizizi inapoyahitaji. Zinki ni mfano mzuri: ikikosekana udongoni, punje ya harage nayo hupungukiwa. Hata hivyo udongo una mipaka yake. Ndizi haitakuwa na protini ya kutosha hata ikipandwa juu ya samadi tupu, na madini yake ya chuma ni machache. Ndiyo maana navutiwa na busara ya kupanda maharage chini ya migomba ileile, yakaja kukutana na bitoke chunguni.

Hata madini yakishafika kwenye punje, kuna kufuli ndani ya punje yenyewe. Nafaka na mikunde huficha fosforasi katika fitati, nayo fitati hung'ang'ania chuma na zinki hata tumbo likashindwa kuvipata. Kuotesha kunaifungua. Ulezi ukilowekwa usiku kucha, ukachujwa na kufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu, vimeng'enya huamka, fitati hupungua na vitamini C huanza kujitokeza. Ukikaushwa na kusagwa ndio kimea. Kijiko kimoja katika uji mzito unaopoa kidogo huulegeza hadi mtoto aunywe, bila kuuongezea maji yanayopunguza nguvu yake. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliutangaza ujuzi huu kwa ajili ya watoto wanaoanza kula. Kwa mtama kuna tahadhari: chipukizi lake lina kemikali inayoweza kutoa sayanidi, hivyo mizizi na machipukizi hupukutwa baada ya kukauka, kabla ya kusaga.

Nikirudi shambani, kinachonipa wasiwasi ni upande wa rweya. Mikaratusi na misonobari imepandwa palipokatwa majani, na kaya nyingi hazina ng'ombe. Utafiti wa Frederick Baijukya na mwenzake uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kwenye kaya zisizo na ng'ombe, virutubisho vinavyotoka kibanjani ni vingi kuliko vinavyoingia. Baadaye Baijukya alijaribu mikunde ya kufunika udongo, zikiwemo jamii za utupa, ambayo huvuta naitrojeni hewani na majani yake hukatwa yakatandazwa. Kwa mjane asiye na ng'ombe wala mtu wa kumtuma rweya, mikunde hiyo inaweza kuota pembeni mwa migomba yake mwenyewe, akaikata kwa panga lilelile la kupogolea majani makavu. Potasiamu haitatoka humo hewani, kwa hiyo maganda ya bitoke, majivu ya jikoni na makapi ya kahawa bado anayahitaji yote.