Kikosi cha Kuazima

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wahakiki hawaihesabu kuwa fasihi, nami leo naomba tuisome kama tunavyosoma hadithi: ushauri kwa mtu anayeanza kuunda kikosi cha manowari za angani. Nazungumzia Star Wars: Armada, mchezo wa mezani uliotoka 2015. Vyombo ni vya plastiki, dadu zina rangi tatu, na vita huisha baada ya raundi sita. Kabla ya kucheza, kila mtu ana pointi 400 za kugawa: manowari, kamanda mmoja, kadi za kuongeza nguvu, na vindege visivyozidi thuluthi ya pointi hizo.

Boksi letu lilifika Kapsoya, hapa Eldoret, ndani ya begi la rafiki aliyekuwa akirudi kutoka Uingereza. Lilikuwa na manowari tatu tu. Zingine tumejitengenezea kwa vifuniko vya soda, karatasi ngumu na picha tulizoprinti saiba.

Mpwa wangu, msichana wa sekondari, aliupenda mchezo huu kuniliko. Akaniuliza, "Anti, naanzia wapi?" Nikafanya kosa ambalo hata walimu wa fasihi hulifanya: nikampa majibu ya mtu mwingine. Nilikuwa nimesoma makala kadhaa za ushauri na zote ziliimba wimbo mmoja. Nunua manowari kubwa. Mweke kamanda fulani ndani yake. Ongeza kadi hii na ile. Nikamnakilia orodha nzima, neno kwa neno.

Akapigwa mara tatu mfululizo. Mara ya tatu hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikusanya vifuniko vyake polepole, akasema, "Anti, hata ningeshinda, si mimi ningekuwa nimeshinda. Ni yule msee aliyeandika." Wiki mbili hakugusa boksi.

Nikarudi kuzisoma zile makala, safari hii kwa jicho la uhakiki. Kwanza, lugha. Vitenzi vingi ni vya kuamrisha, na amri nyingi ni za dukani. Mwandishi anadhani msomaji wake ana pesa na yuko karibu na duka. Sisi hatukuwa na hivyo viwili. Halafu 2024 kampuni ikatangaza kwamba haitautengenezea mchezo huu vitu vipya. Kwa hivyo ushauri mwingi wa "nunua" umebaki kama risiti ya zamani: unakuonyesha mwenzako alinunua nini, basi.

Pili, yale yasiyosemwa. Katika Armada, manowari kubwa kama ile Star Destroyer ya kwenye boksi hupangiwa amri raundi tatu mbele. Unachagua sasa kitu kitakachotendeka baadaye, na hali ikibadilika, pole. Chombo kidogo kama CR90 hupangiwa amri ya raundi hiyo hiyo. Sasa fikiria: tunamwambia mtu ambaye hajawahi kucheza aanze na chombo kinachomtaka atabiri raundi tatu zijazo. Maze, hiyo ni kumtega!

Tatu, kila kikosi hubeba kadi tatu za malengo. Anayeanza kucheza huchagua moja kati ya tatu za mpinzani wake, na hiyo ndiyo inayoamua mnapigania nini. Hapo ndipo hadithi ya mchezo ilipo. Lakini makala nilizosoma ziliutaja uamuzi huu kwa sentensi moja, mwishoni, baada ya aya nyingi za bunduki.

Nisiwaonee waandishi hao. Kanuni yao moja ni ya dhahabu: kila chombo kiwe na kazi. Mtu wa Eldoret hahitaji kufundishwa hilo na vita vya nyota. Oktoba 12, 2019, kule Vienna, Eliud Kipchoge, aliyekuwa akifanya mazoezi Kaptagat hapa jirani, alikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40. Waliomwongozea kasi kwa zamu walikuwa 41. Watano walitangulia kwa umbo la V, wawili wakafuata nyuma. Ndani yao mlikuwa na mabingwa, lakini siku hiyo kazi yao ilikuwa kushika nafasi. Hicho ni kikosi. Ukinakili majina 41 bila kujua kwa nini watano wako mbele, umenakili orodha ya wageni tu.

Na hapa ndipo Armada inapotofautiana na bao. Kwenye bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32, na kete ya tajiri haina nguvu kuliko yako. Kwenye Armada, sehemu ya mchezo huchezwa kabla hamjakaa mezani. Ukimwandikia mwanagenzi orodha, umeshamchezea sehemu hiyo. Alichobakiwa nacho ni kurusha dadu zako.

Jumapili moja mpwa wangu alirudi na karatasi yake mwenyewe. Vyombo vidogo vinne, vindege vichache, na malengo matatu aliyoyasoma mpaka akayakariri. Kamanda wake alikuwa wa bei rahisi. Kila makala niliyoisoma ingemcheka.

Alishindwa tena, kwa pointi chache. Lakini safari hii alinishika mkono, akanirudisha mezani, akaniwekea kidole pale mambo yalipoharibika: raundi ya nne, CR90 yake ya pili iligeuka mapema. "Ningengoja kidogo tu, Anti, ungekuwa wangu."

Kisha akafuta chombo kimoja kwenye karatasi, akaanza kuhesabu pointi upya. Sikumwambia chochote.