Kidole cha Shahada: Usomaji wa Viziada-lugha katika Kauli za Viongozi Wakati wa Kashfa

Uhakiki wa fasihi simulizi umekwisha kuonyesha kwamba neno la fanani halijitoshelezi. Sauti, uso na mikono navyo ni sehemu ya matini. Kauli za viongozi waliokumbwa na kashfa zastahili kusomwa vivyo hivyo. Hata hivyo, aghalabu ishara hugeuzwa kuwa dirisha la moyo: akwepaye macho ana hatia, atokwaye na jasho anadanganya.

Mfano mashuhuri ni wa Bill Clinton, aliyekuwa Rais wa Marekani. Tarehe 26 Januari 1998, katika Ikulu ya Washington, alikana mbele ya kamera kwamba alikuwa na uhusiano wa kimwili na mwanagenzi aliyewahi kufanya kazi humo. Alipokuwa akikana, alikitikisa kidole cha shahada kwa mkazo. Tarehe 17 Agosti mwaka huo huo, alikiri kwamba uhusiano usiofaa ulikuwapo. Tangu hapo kidole kile hutajwa kama alama ya uwongo.

Lakini kidole hakikubadilika. Kilichobadilika ni maarifa ya hadhira. Mwezi Januari, ishara ile ile iliweza kusomwa kama hamaki ya mtu aliyesingiziwa. Usomaji wa baadaye haukuugundua uwongo katika ishara, bali uliupachika humo baada ya kuujua kwa njia nyingine. Uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo (2006), uliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi, ulibaini kwamba watu hupambanua ukweli na uwongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54 tu; anayebahatisha hupata 50.

Je, ishara haina maana basi? Inayo, maadamu isomwe kama utendaji. Swali la mhakiki si kile ambacho msemaji anakificha, bali ni mahali ambapo ishara inaiweka hadhira. Kidole kilichotikiswa kiliipa kauli uzito wa kiapo, kikaishusha hadhira kutoka kiti cha hakimu hadi dawati la mwanafunzi akaripiwaye. Hayo yaonekana katika kanda, hatia haionekani.

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Mhakiki anayedai kuupenya kwa kutazama macho tu atamtia hatiani hata kijana aliyeinamisha uso mbele ya wakubwa wake kwa sababu ndivyo alivyofunzwa adabu.