Tairi la Kihesa: Ubavu Kwanza, Meno Baadaye

Mtu anayenunua tairi la baiskeli ya milimani hutazama meno kwanza. Hulishika, huligeuza, hupima urefu wa meno kwa kidole gumba, akiridhika analipa. Kwa njia za Mufindi wakati wa mvua huenda asikosee sana. Kwa Kihesa, hapa Iringa, amekosea. Nataka kueleza kwa nini, kisha nieleze jinsi tairi la miteremko ya huku linavyochaguliwa na kufungwa.

Nazungumzia uendeshaji unaoitwa enduro. Unapanda kwa nguvu za miguu yako, hakuna anayekuhesabia dakika. Muda unapimwa kwenye vipande vya kushuka tu. Mfululizo wa dunia wa mashindano hayo ulianza 2013, na mzunguko wake wa kwanza ulifanyika Punta Ala, Italia. Hapa Afrika Mashariki tumezoea zaidi sura nyingine za mchezo huu. Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London 2012, na tangu 2021 waendeshaji hukutana Maasai Mara kwenye Migration Gravel Race. Hayo ni mashindano ya pumzi na masafa, na matairi yake ni mepesi, membamba, yenye meno mafupi. Ushauri unaotoka huko ni mzuri kwa kazi yake. Ukiuleta kwenye mteremko wa mawe, utarudi nyumbani umebeba baiskeli begani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Manispaa ya Iringa imekaa juu ya ukingo unaotazama bonde la Ruaha Mdogo, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, na Kihesa iko upande wa barabara ya Dodoma. Ukiacha lami na kushika vijia vya kuelekea Igeleke, kwenye miamba yenye michoro ya kale, gurudumu linapita juu ya vitu vitatu kwa kupokezana. Kuna udongo mwekundu ulioshindiliwa na nyayo za watu na ng'ombe mpaka ukakataa kuingilika. Juu ya udongo huo kuna chembe za mwamba uliomomonyoka, changarawe ndogo inayoviringika chini ya tairi kama golori. Halafu kuna graniti yenyewe, mabamba na mawe yaliyochomoza, yenye ngozi ya kukwaruza. (Kwenye mwamba wenye michoro teremka, usukume baiskeli kwa kuuzunguka. Ni urithi wa watu wote na hauna mbadala.)

Mvua za huku zinaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu hadi mvua nyingine, na kila mwezi changarawe inaongezeka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka tairi halina tope la kuchimba. Jino refu linalotaka kuzama kwenye udongo laini linakutana na ardhi ngumu, linapinda, linayumba, na mwendeshaji anahisi usukani umelegea kwenye kona. Graniti kavu, kinyume chake, inashika vizuri sana, na hapo ndipo hatari inapoanza: kwa kuwa inashika, unakwenda kasi, ukienda kasi unagonga kingo za mawe kwa nguvu, na pigo hilo linapokelewa na ubavu wa tairi.

Nenda kwa fundi yeyote wa sokoni Kihesa ukamtazame akitafuta pancha kwenye beseni la maji. Viputo vikitoka kwenye tundu moja dogo, ni mwiba: mgunga au mbigili. Vikitoka kwenye matundu mawili yaliyokaa sambamba, ni ringi imeibana tyubu dhidi ya jiwe kwa sababu upepo ulikuwa mdogo. Fundi ataziba, atakuambia ujaze upepo mpaka tairi ligome kubonyea. Ushauri wake unaiokoa tyubu, lakini unamnyima mwendeshaji mshiko, na hesabu yake ni nyepesi. Chukua mtu na baiskeli yake kilo 85, na tuseme asilimia 60 ya uzito huo imelala nyuma, kilo 51. Kwa upepo wa psi 40, eneo la tairi linalogusa ardhi ni sentimita za mraba kama 18. Ukishusha hadi psi 25, eneo linafika karibu 29. Hesabu hii haijaingiza ugumu wa tairi lenyewe, lakini mwelekeo wake ni sahihi: upepo mdogo unaongeza mpira unaogusa chini, na unaliacha tairi likumbatie jiwe badala ya kudunda juu yake.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani ni hili: tairi gani litaniruhusu kwenda na psi 25 bila kupasuka? Jibu liko ubavuni.

Tairi jepesi la milimani lina tabaka moja la nyuzi, pamoja na kitambaa chembamba cha kulinda ubavu. Kampuni ya Maxxis inaliita EXO. Juu yake kuna EXO+, kisha DoubleDown yenye tabaka mbili, kisha DH ya mbio za kushuka. Schwalbe nao wana ngazi zao: Super Trail, Super Gravity, Super Downhill. Kutoka EXO kwenda DoubleDown unaongeza takriban gramu 200 kwa kila tairi, na utazisikia kwenye kila mpando. Maoni yangu kwa Kihesa ni haya: nyuma funga tabaka mbili bila kubishana, mbele tabaka moja iliyoimarishwa inatosha. Gurudumu la nyuma linabeba uzito mkubwa na linafuata njia ambayo wewe huioni tena, kwa hiyo ndilo linalogonga zaidi.

Mafundi wetu wanaijua siri hii kitambo. Baiskeli zinazoshusha mkaa na kuni mjini mara nyingi huwa na kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa na kulazwa ndani ya tairi zima, kati yake na tyubu. Ni tabaka ya pili kwa bei ya vumbi. Inaongeza uzito, inalifanya tairi liwe gumu, lakini gunia linafika. Kanuni iliyomo ndani ya DoubleDown ni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba kiwandani tabaka hizo huunganishwa kwa mpira zikapinda kama kitu kimoja.

Sasa meno, na hasa ya mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha. La mbele likiteleza unaanguka. Kwenye changarawe juu ya udongo mgumu, kazi kubwa inafanywa na meno ya pembeni. Yanatakiwa yawe manene shinani, yasimame wima yakisukumwa kwa ubavu, na kati yao kuwe na nafasi ya kutosha kuipisha changarawe. Minion DHF, tairi la miaka mingi la Maxxis, lina mfereji wazi kati ya meno ya katikati na ya pembeni. Ukiinamisha baiskeli kikamilifu, linakamata. Ukiinamisha nusunusu kwa woga, unakaa juu ya mfereji na mshiko unapungua. Assegai, lililotoka 2018 kwa kushirikiana na Greg Minnaar wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia wa kushuka mlima mara nne katika maisha yake ya mashindano, limejazwa meno ya mpito kwenye mfereji huo. Ni zito kuviringika, lakini linamsamehe mtu anayeingia kwenye kona akiwa bado hajajiamini. Kwa vijia vya huku, ambako kona nyingi hazina ukuta wa kuegemea, mbele naliweka Assegai. Nyuma naweka Minion DHR II, ambalo meno yake ya katikati ni mapana na yanauma ukibana breki.

Mpira nao una ulaini wake, unaopimwa kwa namba. Namba ndogo ni mpira laini. Mpira wa 42 unashika jiwe na kurudi polepole, wa 60 unadunda na kudumu. Wenye Maxxis hutafuta neno MaxxGrip kwa mpira laini na MaxxTerra kwa wa kati. Schwalbe hutofautisha kwa rangi ya mstari, zambarau kwa laini zaidi, chungwa kwa unaofuata. Graniti yetu inakwangua mpira laini upesi, hasa nyuma ambako breki inaburuza. Ndiyo sababu laini inakaa mbele na wa kati unakaa nyuma. Mwenye kufunga laini kote atafurahi kwa msimu, kisha atabaki na kipara nyuma.

Majina haya huyakuti yamening'inia kwa fundi wa sokoni. Huagizwa, au huja yakiwa yamefungwa kwenye baiskeli za mtumba. Na hapo kwenye mtumba ndipo fedha nyingi inapopotea, kwa sababu ya namba.

"Shikamoo fundi. Tairi la 26 lipo?"

"Marahaba. Lipo, ila la baiskeli ipi?"

Fundi huyo anajua kazi yake. Baiskeli za mjini za Kijapani zilizojaa kwenye mitumba hutumia tairi la 26 x 1 3/8, ambalo kipenyo cha kukalia ringi ni milimita 590. Tairi la 26 la baiskeli ya milimani ni milimita 559. Yote yanaitwa 26, na hayaingiliani hata kwa patasi. Wala usidhani 28 lazima iwe ndogo kuliko 29: baiskeli nzito za kubebea mizigo, zenye tairi la 28 x 1 1/2, zina 635, tairi la 29 la milimani ni 622. Usiulize inchi. Soma namba ndogo ubavuni iliyoandikwa kwa mtindo wa 61-622: ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo. La 27.5 ni 584. Ringi yako ikisema 559, tafuta 559, mjadala umekwisha.

Upana unategemea ringi pia. Ringi ya kisasa yenye milimita 30 kwa ndani inabeba tairi la inchi 2.4 au 2.5 vizuri. Baiskeli ya zamani ya mtumba mara nyingi ina ringi ya milimita 19 hivi, na ukilifunga juu yake tairi la 2.5 lenye upepo mdogo, litalala upande kila unapokata kona. Mwenye ringi hiyo abaki na 2.2, aongeze upepo kidogo, apunguze kasi kwenye mawe. Afadhali hivyo kuliko kununua tairi la bei ghali lisilo na pa kukaa.

Kuhusu tyubu, kwa Kihesa sioni sababu ya kuendelea nayo iwapo ringi inaruhusu tyubulesi. Mbigili peke yake inatosha kuamua. Unaifunika ringi kwa utepe wake, unafunga valvu, unamimina dawa ya pancha yenye utomvu wa mpira, mililita 100 hadi 120 kwa tairi la 29. Pampu ya mkono mara nyingi inashindwa kulikalisha tairi ringini. Toa kiini cha valvu, nenda kwa wenye kompresa kando ya barabara ya Dodoma, lijaze mpaka usikie mlio wa ukingo ukikaa pande zote mbili. Usizidishe upepo ulioandikwa kwenye ringi na kwenye tairi, maana tairi likichomoka hapo linaumiza mikono na uso. Kisha rudisha kiini, jaza upepo wa kazi. Kwa mtu wa kilo 70 naanza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Dawa inakauka upesi kwenye ukavu wetu. Itikise baiskeli, usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza.

Kuna jambo la upepo ambalo wanaotoka Dar es Salaam huniuliza. Tairi lililojazwa usawa wa bahari, likipandishwa hadi Iringa, kipimo kinaongezeka kwa psi 2 na ushee, kwa kuwa hewa ya nje huku ni nyepesi. Lakini Iringa kuna baridi, na joto likishuka nyuzi 15 tairi la psi 25 linapoteza karibu psi 2. Viwili hivyo vinakaribia kufutana. Anayepaswa kuwa macho ni yule anayejaza alfajiri ya Juni na kushuka saa nane mchana: jua litamwongezea psi mbili hivi, na tairi lililokuwa linashika litaanza kudunda.

Haya yote nimeyasema kwa Kihesa. Mbeya ni habari nyingine. Ukizunguka Uporoto wakati wa mvua, udongo ni wa volkano, mweusi, unaonata. Huko meno marefu yaliyoachana, kama ya Magic Mary la Schwalbe au Shorty la Maxxis, yanapata cha kuchimba na yanatema tope. Ubavu wa tabaka moja unaweza kutosha maana mawe makali ni machache njiani. Mtu wa Mbeya asimcheke wa Iringa kwa meno mafupi, wala wa Iringa asiige alichokiona Mbeya.

Fedha ikitosha tairi moja tu mwaka huu, nunua la mbele. La nyuma likiisha, toa la mbele lililolika kiasi ulipeleke nyuma, kama ubavu wake bado ni mzima, na jipya lifungwe mbele. Usifanye kinyume hata kama la nyuma ndilo linaloonekana vibaya zaidi.