Dakika Tano za Joto

Escherichia coli, bakteria anayeishi katika utumbo wa binadamu, ana urefu wa takriban sehemu mbili kwa elfu za milimita. Hana ubongo wala neva. Lakini mtoe ghafla kwenye nyuzi joto 30 umpeleke kwenye 42, na baada ya dakika tano hivi seli yake itakuwa imejipanga upya. Namna anavyofanya hivyo inastahili kutazamwa polepole.

Joto kali huharibu protini. Kila protini hufanya kazi kwa sababu imejikunja kwa umbo lake. Joto likizidi, protini hukunjuka, zikashikamana ovyo. Ulinzi wa bakteria huanzia kwenye protini moja, sigma 32, ambayo hushikana na kimeng'enya kinachonakili jeni na kukielekeza kwenye jeni za dharura. Katika hali ya utulivu seli huitengeneza kidogo kidogo, kisha huivunja baada ya dakika moja hivi. Ukitazama juu juu utaona ubadhirifu. Ukitulia utaona maandalizi: siku ya hatari, kuacha tu kuivunja kunatosha kuiongeza upesi.

Hata maelekezo ya kuitengeneza yana ustadi. Uzi wa RNA unaoyabeba umejikunja na kuziba mahali ribosomu zinapoanza kusoma. Joto likipanda, mkunjo hulegea na usomaji hushika kasi. Uzi wenyewe ndio kipimajoto.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni protini iitwayo DnaK. Kazi yake ni kuzisaidia protini zilizokunjuka zirudie umbo lake. Isipokuwa na kazi hiyo, yenyewe na mwenzake DnaJ huishika sigma 32, ambayo huishia kukatwakatwa na FtsH, kimeng'enya kilicho kwenye utando wa seli. Joto linapoharibu protini, DnaK huzikimbilia na kuiachia sigma 32. Jeni za dharura huwaka, na miongoni mwa protini zinazozalishwa ni DnaK zaidi. Ni kama mwenye karakana anayejua wingi wa kazi kwa kuangalia mafundi wangapi wamekaa bure, ila humu hakuna mwenye karakana: mafundi wenyewe ndio hesabu.

DnaK zikishakuwa nyingi na uharibifu ukidhibitiwa, baadhi hurudi kuishika sigma 32, na dharura hupungua. Haishuki hadi pale ilipoanzia, maana joto bado lipo. Hutulia kwenye kiwango kinachofaa nyuzi 42.

Mwagie bakteria huyo kilevi badala ya joto, naye ataamsha ulinzi uleule, kwa kuwa kilevi nacho hukunjua protini. Hapo ndipo ubora wa mfumo huu unapodhihirika: seli hupima jeraha lenyewe, na anayelipima ndiye anayelitibu.